Bi Kipembe na Kabureta ya Kulia

"Wifi, ama uinyamazishe hiyo cherehani yako, ama uniue kabisa nijue moja!"

Nilikuwa na sketi kumi na nne za shule za kupinda, na mguu wangu ulikuwa kwenye kanyagio. Sikuuondoa.

"Ua ni wa wote," nikamjibu kutoka barazani. "Cherehani yangu inalisha watu. Hilo lidude lako linalisha nani?"

"Nyamaza, nimesema. Kuna mtu anaongea humu ndani."

Humu ndani, maana yake ndani ya injini. Alikuwa amechuchumaa katikati ya ua, gauni amelifunga fundo magotini, pikipiki inanguruma mbele yake, na mipira miwili imemtoka masikioni kama sharubu za kambare. Mpira mmoja uliishia kwenye kabureta ya kushoto, mwingine kwenye ya kulia. Macho ameyafumba. Midomo inahesabu.

Huyo ni dada mkubwa wa mume wangu. Mtaa mzima unamwita Bi Kipembe, na kama hujui sababu basi hukuzaliwa huku. Kwa miaka thelathini na nne alikuwa mkunga wa zahanati yetu. Kipembe ni kile kijidude cha mbao mfano wa tarumbeta ndogo: upande mpana unakaa tumboni mwa mama, upande wa pili sikioni mwa mkunga, naye anasikiliza moyo wa mtoto. Akishakuwekea, anainua kidole kimoja juu, na hata kama chumbani kuna mama wakwe wawili wanarushiana maneno, anawaambia: "Nyamazeni. Kuna mtu anaongea humu ndani." Watu walinyamaza. Mimi mwenyewe, ambaye sijawahi kunyamazishwa na mwalimu wala na mume, nilinyamaza.

Pikipiki nayo inanizidi umri. Ilikuwa ya idara ya barabara. Wakaichosha, kisha wakaipa zahanati, kama mtu anavyompa ndugu yake shati lililokwisha chanika kwapani. Silinda zake mbili zimetokeza pembeni, moja huku na moja huku, kama mwanamke aliyeshika kiuno akisubiri majibu. Ilikusudiwa dereva wa zahanati, lakini dereva alikuwa mtu wa visingizio: leo mgongo, kesho tairi, keshokutwa shemeji kafiwa. Siku moja wifi yangu alichoka kusubiri, akachukua ufunguo ukutani. Wiki ile alianguka mara saba. Alihesabu; yeye huhesabu kila kitu. Miguu haikufika chini vizuri, kwa hiyo akijua anakwenda kusimama alitafuta kitu cha kuegemea: ukuta, gogo, au mwanamume yeyote aliyekaa kizembe kando ya njia.

Na pikipiki hiyo ndiyo iliyozaa deni ninalomdai.

Nilipokuwa nikijifungua mtoto wa kwanza, yapata miaka ishirini na sita sasa, uchungu ulinishika tangu alfajiri mpaka watu wakaanza kuzungumza kwa kunong'ona. Nilichoka. Nikamwambia wifi kwamba basi, mimi naenda nyumbani, aje mwingine amalizie. Akainama sikioni kwangu: "Wifi, sukuma mara tatu tu. Ukisukuma, nakupakia pikipiki mpaka darajani na kurudi." Nilikuwa nikiitamani pikipiki ile kupita maelezo. Nikasukuma mara mbili, mtoto huyo.

Nilipopona nikaenda kudai changu. Akasema pikipiki ya zahanati haipandi mtu asiye mgonjwa. Mwaka uliofuata nikadai tena. Akasema petroli ni ya kupimiwa. Kisha zahanati ikapata gari, pikipiki ikatupwa nyuma ya jiko la wagonjwa ikawa kiota cha kuku. Alipostaafu akaomba auziwe, wakamuuzia kwa bei ya vyuma chakavu, akaja nayo kwetu ikisukumwa, akaiweka bandani na yeye akahamia chumba cha uani. Sikuchoka kumkumbusha. "Wifi, daraja lile litakuja kubomoka." Naye: "Likibomoka nitakuvusha kwa mgongo."

Miaka mitatu amekuwa akiifufua. Aliifungua akaosha kila kitu kwenye beseni langu la kufulia, na mafuta ya cherehani yangu yakawa yanapungua bila mimi kushona. Siku ilipowaka, mimi ndiye niliyepiga kigelegele. Lakini kuwaka ni kitu kimoja, kutulia ni kingine. Iliwaka ikitikisika mwili mzima kama mtu mwenye homa.

"Kabureta," alisema. "Hazijapatana."

Mimi nilikuwa sijui kwamba pikipiki moja inaweza kuwa na kabureta mbili. Nikauliza, na yeye, ambaye hupenda kuulizwa, akanieleza. Kabureta ndiyo koo la injini: hewa inavutwa hapo, inachanganyika na petroli, inaingia kuwaka. Pikipiki hii kila silinda ina koo lake. Makoo yakivuta sawasawa, injini inatulia. Moja likivuta zaidi, inakuwa kama watu wawili waliobeba kabati, mmoja anakimbia na mwenzake anajikokota. Kabati litafika, lakini si zima. Kila kabureta ina skrubu yake ya kuiongezea au kuipunguzia pumzi. Na kipimo ni sikio. Hewa ikiingia inatoa sauti ya *sssss*. Unasikiliza ya kushoto, unasikiliza ya kulia, unageuza skrubu mpaka zifanane.

Kwa hiyo alichukua kile kipimo cha daktari cha kuvaa masikioni, akakata mpira wake, akaunganisha mipira mirefu miwili, kila sikio na wake. Kazi ya mtu mwenye akili, nakubali. Ila wiki tatu alikuwa anasikiliza, anageuza, anazima ipoe, anawasha, anatangaza, "Sasa zimekuwa pacha!", na pikipiki inaendelea kutikisika na kumwaga boliti.

Jumanne ya wiki ile mume wangu akafika mwisho. Yeye ni mpimaji mizani kwenye ghala la nafaka, na mtu wa mizani haamini kitu ambacho hakijapimwa. Tulikuwa mezani, na hata kabla ya pikipiki kulikuwa na ugomvi mwingine: kwa miezi kadhaa wifi alikuwa amejitwalia kiti cha mume wangu, kile cha pembeni ambacho ukikaa, ukuta uko kuliani kwako. Mume wangu amekalia kiti kile tangu tulipooana.

"Dada," akasema, amesimama na sahani mkononi, "nakuheshimu. Kiti umechukua, nimenyamaza. Banda umechukua, nimenyamaza. Lakini mwenye ukumbi wa harusi amekuja ghalani. Anaitaka pikipiki."

"Anataka kwenda nayo wapi?"

"Haendi nayo popote. Anataka kuiweka mlangoni, aipambe maua, maharusi wapigie picha."

Wifi akaweka kijiko chini polepole. "Anataka kuifanya chungu cha maua."

"Yeye hajali kama inatembea. Na haitembei, dada. Inacheza ngoma. Basi tupime. Jumamosi saa kumi anakuja kuiona. Saa hiyo uiwashe, juu ya tangi tuweke ile glasi yetu yenye mstari wa maua karibu na mdomo, maji mpaka kwenye mstari, tuhesabu mpaka mia. Maji yasipomwagika, sitaitaja tena mpaka nife. Yakimwagika, inaondoka siku hiyo hiyo. Umekubali?"

Nilitegemea angemtukana. Badala yake akanyoosha mkono, wakapeana, kama watu wanaouziana ng'ombe. "Nimekubali, mdogo wangu. Sikio hili halijawahi kukosea." Akaligusa sikio lake la kulia, lile alilokuwa akiliegemeza kwenye kipembe.

Kwa hiyo ile Alhamisi aliponipigia kelele kuhusu cherehani, nilijua kinachomwasha. Siku mbili zilikuwa zimebaki. Nikaacha sketi, nikashuka uani. Kusema kweli si huruma iliyonishusha, ni udadisi. Mtu aliyesikiliza mioyo ya watoto wa mtaa mzima bila kukosea, anashindwaje na makoo mawili ya chuma?

"Zimekuwaje?" nikapaza sauti.

"Sawasawa kabisa. Kama zimezaliwa tumbo moja. Tatizo si kabureta, labda ni plagi."

Plagi alikuwa amezibadilisha juzi. Mikono yangu ilikuwa na maji, maana nilikuwa nimetoka kulowesha kitambaa cha kupigia pasi. Nikayakung'uta bila kufikiri, matone yakaangukia mabomba ya moshi, pale yanapotokea kwenye silinda. Injini ilikuwa ndiyo kwanza imewashwa. Matone ya bomba la kulia yakaruka *chwaa!* yakatoweka. Ya bomba la kushoto yakakaa, yakafikiri, ndipo yakaanza kuchemka taratibu.

Mimi nimesimama mbele ya kikaango tangu nikiwa na miaka tisa. Najua kikaango chenye moto na kikaango kinachodanganya.

"Wifi, huku kulia kuna moto kuliko kushoto."

"Upepo unavuma kushoto."

"Upepo gani? Hata kanga kwenye kamba hazitikisiki." Nikakung'uta tena. *Chwaa* kulia. Kushoto, kimya. "Kulia ndiko kunakofanya kazi. Kushoto anabebwa."

Akachukia. "Wifi, sikio langu limesikiliza watoto elfu mbili mia nne na sita. Wewe unanifundisha kwa maji ya pasi?"

Hapo ndipo nilipopata wazo, na namshukuru Mungu nililitoa kabla sijalifikiria sana. "Basi geuza mipira," nikasema. "Wa kushoto uweke kulia, wa kulia uweke kushoto. Kama ni sawa, hata ukigeuza ni sawa."

Alinitazama kama ninavyotazama mteja anayeleta kitambaa nusu mita anataka gauni. Lakini akaishika mipira. Akageuza. Akafumba macho.

Nilimwona uso ukibadilika. Akafumbua macho, akatazama mipira, akaigeuza tena kama mwanzo. Akafumba. Akageuza mara ya pili. Kisha akanyoosha mkono akazima injini, ua ukawa kimya mpaka nikasikia kuku wa jirani akiparura.

"Mpira huu una uchafu," akasema.

Tukauvua, nikaupuliza, hewa ikapita safi. Akabadilisha mipira yenyewe, huu ukaenda kule. Ilikuwa vilevile.

"Hebu fumba macho," nikamwambia. "Nitakunong'oneza." Nikachukua ncha ya mpira wa sikio la kulia, nikaunong'oneza: "Wewe ndiye uliyevunja birika langu la maua."

Birika lile nilipewa siku ya ndoa. Lilivunjika miaka kumi na moja iliyopita na hakuna aliyekiri.

Wifi alikaa na uso wa upole kama mtu anayesubiri basi. "Umeanza?" akauliza.

Nikachukua mpira wa kushoto. "Wewe ndiye uliyevunja birika langu la maua."

"Sikulivunja! Lilikuwa na ufa tayari!"

Tulicheka. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, naye alicheka, kisha akaacha, na mimi nikabaki nacheka peke yangu kwa muda mfupi usiopendeza.

Maana sasa mambo yote yalijipanga. Kiti cha mume wangu: ukikaa pale, ukuta uko kuliani, watu wote wako kushotoni kwako. Simu aliyoanza kuipokea kwa mkono wa kushoto. Mara ngapi nimemwita kutoka jikoni asiitike, nami nikasema moyoni, huyu ana kiburi cha ukoo wao. Sikio la kulia lilikuwa limefifia taratibu, hata mwenyewe hakujua. Na kwa kuwa lilisikia kidogo, alikuwa akiifungulia kabureta ya kulia zaidi na zaidi, mpaka mnong'ono wake ufikie ule wa kushoto. Kichwani mwake zilikuwa sawa. Injini ndiyo iliyojua ukweli.

Akavua mipira, akaizungusha vizuri mkononi, akasimama.

"Lilikuwa hili," akasema, na hakuwa anazungumza na mimi. "Kipembe nilikuwa naweka hili."

Akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Ijumaa hakutoka. Pikipiki aliifunika shuka. Nilipeleka chai, nikaikuta mlangoni imepoa. Mume wangu aliuliza kuna nini, nikamwambia akae kimya na kwenye kiti chochote, ila si kile cha pembeni. Nikakanyaga cherehani siku nzima na hakuna aliyenipigia kelele, na kwa mara ya kwanza kelele zile nilizitamani.

Jumamosi asubuhi nikasema, sasa basi. Nikasukuma mlango bila kubisha. Alikuwa amekaa kitandani, amevaa gauni la kutokea, kama mtu anayesubiri kusindikizwa. Kipembe kilikuwa kimening'inia kwenye msumari juu ya mto wake. Nikakitungua.

"Wifi, hii ni saa tatu. Mwenye ukumbi anakuja saa kumi."

"Aje aichukue. Nawezaje kuoanisha vitu viwili kwa sikio moja?"

Nikamwekea kipembe mapajani. "Na hiki ulikisikiliza kwa masikio mangapi?"

Akakitazama.

"Ulipompata jirani yetu ana pacha tumboni, ulikuwa na masikio mangapi kwenye mbao hii? Ulisikiliza huyu, ukahama, ukasikiliza yule. Watoto elfu mbili na ushee kwa sikio moja, leo unataka mawili ya nini?"

Alipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa kipembe. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya kazini: "Mia nne na sita, si na ushee." Akaanza kulifunga fundo gauni lake la kutokea, magotini.

Niliinyamazisha cherehani bila kuambiwa. Aliukunja mpira wa kulia akautupa kando, akabaki na ule mmoja, sikioni kushoto. Mwanzoni alikuwa kama mtu anayejifunza kuandika kwa mkono mwingine. Shingo ilikuwa inajipinda yenyewe kulia, anaikumbusha, anairudisha. Anasikiliza kabureta ya kushoto, midomo ikihesabu, ananyanyuka, anazunguka pikipiki, anachuchumaa, anasikiliza ya kulia, anageuza skrubu kidogo sana, anarudi. Nilihesabu mizunguko kumi na tisa, maana kuhesabu kunaambukiza. Kila baada ya mizunguko michache anazima, tunaisubiri ipoe, anawasha. Kazi yangu ilikuwa bakuli la maji.

"Kung'uta."

*Chwaa* kulia, kisha kushoto.

Robo mzunguko wa skrubu. "Kung'uta."

*Chwaa*, *chwaa*, yakifuatana.

Akageuza kiasi ambacho sikuona hata bisibisi ikisogea. Akainua kidole kimoja juu. Nikanyamaza, nikashika pumzi. Mtikisiko uliokuwa unapanda kutoka ardhini mpaka kwenye nyayo zangu ukapungua, ukapungua, ukaisha. Ilibaki inanguruma chini kwa chini, sauti moja.

"Kung'uta."

Matone ya mabomba yote mawili yakaruka pamoja.

Saa kumi mwenye ukumbi alifika na futi ya kupimia kama itaenea mlangoni kwake. Mume wangu akaleta glasi yenye maua, akaijaza mpaka kwenye mstari, akainama jicho liwe sawa na maji, kama afanyavyo ghalani. Wifi akaikanyaga pikipiki mara moja, ikawaka. Glasi ikawekwa juu ya tangi. Mume wangu akahesabu kwa sauti. Thelathini. Maji yakafanya viduara vidogo katikati. Sitini. Mwenye ukumbi akakunja futi yake. Tisini na nane, tisini na tisa. Mia. Mume wangu akapitisha kidole kuzunguka glasi. Kikavu.

"Bwana," akamwambia mwenye ukumbi, "utafute chungu."

Kisha wifi akasema, mbele ya mgeni, na mimi najua kilichomgharimu: "Mdogo wangu, kile kiti sikukichukua kwa ubishi. Sikio la kulia halisikii. Jumatatu naenda zahanati wanitazame."

Mume wangu akaisogelea pikipiki. Akainua glasi, akanywa maji yote, akaifuta na shati. "Kiti ni chako," akasema. "Mimi nitakaa huku kushotoni kwako. Nina maneno mengi."

Nilikuwa narudi kwenye sketi zangu aliponiita.

"Unakwenda wapi? Panda."

Sikumuuliza wapi. Nilifunga kanga kiunoni nikapanda, mwanamke mzima mwenye magoti ya cherehani, na watoto wa mtaa wakatukimbilia wakipiga makelele. Njia nzima nilimshika kiuno na sikusema neno, wanaonijua hawataamini. Darajani akatafuta ukingo wa kuegemea, hakumkuta mwanamume, akaegemea nguzo, akazima.

"Haya," akasema. "Nimelipa."

"Nusu. Ulisema na kurudi."

Akacheka akitazama maji. Kisha, bila kunigeukia: "Lile birika halikuwa na ufa. Nililivunja mimi."

"Najua. Nilikuona dirishani."

"Uliniona? Miaka kumi na moja?"

"Nililiweka akiba, siku ukinichosha nilitoe. Nimekusamehe. Washa, wifi, nina sketi za watu."

Akawasha. Nikajisogeza upande wa kushoto wa mgongo wake, ili nikisema anisikie.